Mtoto wa miezi 7, seti ya Montessori na mgongo wa bibi

"Mwalimu, shikamoo. Nina mtoto wa kiume, wa kwanza, ametimiza miezi 7. Tunaishi Ujiji na mama mkwe wangu. Mimi nauza dagaa Kibirizi, kwa hiyo asubuhi mtoto anabaki na bibi yake. Kwenye kundi letu la akina mama la WhatsApp kuna dada wa Dar anauza seti ya Montessori ya miezi 6 hadi 12, vitu vya mbao, laki mbili na nusu. Anasema mtoto akifika mwaka mmoja bila mazoezi hayo ubongo umeshapitwa. Nilimwomba seremala anitengenezee kimoja tu, kile cha kupanga pete kwenye kijiti. Mtoto hapangi. Anazitafuna halafu anazitupa. Bado hatambai, na akikaa anajishikiza kwa mkono. Bibi yake humweka ndani ya beseni na kumzungushia kanga ili akae, muda mwingine yuko mgongoni. Jioni nikipika namwekea katuni za Kiingereza kwenye simu atulie. Je, nimechelewa? Ninunue ile seti? Na nimwambie mama mkwe aache kumbeba? Naogopa kumvunjia heshima."

Marahaba, mama. Nianze na lile linalokunyima usingizi: hujachelewa. Mtoto wa miezi 7 anayekaa kwa kujishikiza, anayenyoosha mkono akakamata kitu, akakipeleka mdomoni kisha akakitupa, yuko pale pale anapotarajiwa kuwa. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema katika nchi 5, Ghana ikiwemo, na mwaka 2006 likatoa matokeo. Kukaa bila kushikiliwa kulianza popote kati ya karibu miezi 4 na miezi 9 na kidogo. Kutambaa kwa mikono na magoti, kati ya miezi 5 na 13 na nusu. Kutembea mwenyewe, kati ya miezi 8 na 17 na nusu. Tena watoto kama 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa magoti kabisa. Walisimama dede, wakashika njia. Kwa hiyo ukisikia mtoto wa jirani alitambaa na miezi 6, mpongeze mama yake, urudi kwenye shughuli zako.

Hilo la ubongo kupitwa mtoto akitimiza mwaka ni maneno ya kuuzia bidhaa. Ni kweli kwamba miaka ya mwanzo ubongo hukua kwa kasi kubwa kuliko wakati mwingine wowote, na mambo anayoyarudia mtoto kila siku ndiyo yanayoimarisha njia zake za ndani. Lakini hakuna mlango unaofungwa siku ya kuzaliwa. Na vinavyoujenga ubongo huo katika umri huu ni kushiba, kulala vya kutosha, kukingwa na malaria, kusemeshwa, kuitikiwa anapolia na kupata nafasi ya kusogea. Mbao zinakuja nyuma kabisa ya haya.

Sasa Montessori yenyewe. Maria Montessori alikuwa daktari wa Italia aliyeanzisha njia ya kufundisha watoto inayobeba jina lake. Nyumba yake ya kwanza ya watoto ilifunguliwa Roma, mtaa wa San Lorenzo, tarehe 6 Januari 1907, na waliopokelewa walikuwa watoto wa wafanyakazi maskini ambao bado hawajafikia umri wa shule. Hawakuwa wachanga. Vile vifaa vya mbao vinavyojulikana dunia nzima, minara ya vipande, silinda za kuchomeka kwenye matundu, herufi za msasa za kupapasa, vilibuniwa kwa ajili ya wale wanaotembea, wanaosema na kumwelewa mwalimu. Kazi ya kupeleka mawazo yake kwa watoto wachanga ilipata sura baadaye, miaka ya 1940, pale Roma, kupitia mfuasi wake Adele Costa Gnocchi. Hata hapa nchini, shule nyingi zenye jina hilo, zikiwemo za masista, hupokea watoto wa miaka 3 hivi na kuendelea.

Nakueleza haya kwa sababu ni haki yako kujua unanunua nini. Utafiti unaotajwa sana kuhusu faida za Montessori, wa Angeline Lillard na Nicole Else-Quest uliochapishwa mwaka 2006, ulipima watoto wa miaka 5 na wa miaka 12. Anayekuambia kwamba seti ya miezi 6 hadi 12 imethibitishwa kuongeza akili anaazima sifa za watoto wakubwa. Mimi naipenda njia hii na ndiyo ninayofundishia, lakini kwa mtoto mchanga thamani yake ipo kwenye tabia yetu sisi wakubwa: kumwandalia mahali salama pa kusogea, kumpa vitu halisi vya kushika, na kumtazama kwanza kabla ya kuingiza mkono wetu.

Turudi kwenye pete, maana hapo ndipo mtoto wako anaonekana kama ameshindwa, kumbe hajashindwa chochote.

Mkono wa mtoto una safari yake. Alipozaliwa, ukimgusa kiganja alifumba vidole bila kutaka. Ile ni hisia ya asili na hufifia miezi ya mwanzo. Halafu akaanza kukamata kwa makusudi, kwa kiganja kizima. Sasa hivi, miezi 6 au 7, anajifunza kuhamisha kitu kutoka mkono huu kwenda ule. Kilichobaki ni kigumu kuliko vyote hivyo: kuachia. Kufungua vidole kwa hiari, mahali anapopataka, kwa wakati anaoutaka, ni ujuzi unaokuja karibu na miezi 9 au 10, na kudonoa kwa kidole gumba na cha shahada huja kwenye kipindi hicho hicho. Mchezo wa kupanga pete unataka ashike, alenge, kisha aachie juu ya kijiti. Umemdai kitu ambacho mkono wake bado haujakifikia. Kutupa ndiyo namna ya kuachia aliyo nayo kwa sasa, na kila anapotupa anafanya mazoezi ya hicho hicho unachokisubiri. Usitupe kile kijiti cha seremala. Kiweke kabatini. Ukikirudisha baada ya miezi miwili hivi utaona kwanza anazichomoa pete, maana kutoa hutangulia kuingiza, na kuzipanga kutafuata kwa wakati wake.

Kutafuna nako si ukorofi wala si fizi peke yake. Katika umri huu midomo na ulimi vinampa habari nyingi za kitu kuliko vidole: ni baridi au vuguvugu, laini au kina mikwaruzo, kinabonyea au hakibonyei. Ukimzuia kutia mdomoni umemfunga macho yake ya pili. Kazi yako ni kuhakikisha kinachoingia humo ni kisafi na hakiwezi kumkaba. Na kwa kuwa kuna wanaopaka fizi za watoto asali ili watulie: asali, hata iwe ile safi ya Tabora, isimguse mtoto kabla hajatimiza mwaka mmoja. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima halivijali lakini kwa mtoto mchanga hutoa sumu inayolegeza misuli, hata ya kupumulia.

Badala ya pete, mfanyie kikapu. Wengi hukiita cha Montessori; si chake. Aliyekieneza ni Elinor Goldschmied, Mwingereza, kwa ajili hasa ya watoto kama wako, wanaoweza kukaa lakini bado hawajaanza kutambaa. Ni kitu cha bure, na nyumba ya Ujiji ina kila kinachohitajika. Chukua kikapu kifupi cha ukindu, kimo chake kisizidi kifua cha mtoto akiwa amekaa, kizito kidogo kisipinduke. Ndani weka vitu kama 8 au 10 vinavyotofautiana kweli kweli: mwiko mdogo wa mbao, kijiko cha chuma, kikombe cha bati, kifuniko cha sufuria ndogo, kibuyu kidogo kilichokauka na kuoshwa, bangili nene ya mbao, brashi safi ya nguo ambayo haijawahi kutumika, kipande cha kitenge, limau zima. Plastiki iache, kwa sababu vitu vya plastiki vinafanana karibu vyote mdomoni: uzito ule ule, joto lile lile.

Mkalishe kwenye mkeka, kikapu mbele yake. Wewe kaa pembeni, karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono, kisha nyamaza. Hapo ndipo akina mama wengi hushindwa. Atachukua, tuseme, kile kifuniko. Atakilamba ukingo, atashtuka kidogo kwa ubaridi wake, atakiangalia, atakilamba tena. Atakigeuza na kukuta kishikio, akikamate, kimponyoke, kigonge sakafu ya saruji kwa kishindo, na atakutazama wewe ajue kama lile jambo ni jema au baya. Tabasamu tu. Usiseme "hiki ni kifuniko", usimpokonye umwonyeshe kinavyofunika. Atakirudia, na akirudia mara 5 au 10 kitu kile kile hajachoka wala hajakwama; anahakikisha. Kuna watoto hubaki na kikapu robo saa nzima bila kulia. Akianza kugeuza uso, kusugua macho au kunung'unika, ameshiba, toa kikapu. Mara moja au mbili kwa siku inatosha, na kila baada ya siku chache badilisha vitu viwili vitatu.

Usalama wake ni huu. Kitu chochote kinachopenya kwenye lile bomba la karatasi ya chooni ni kidogo mno: kokwa za chikichi, maharage, karanga, shanga, vizibo vya soda, na hasa betri ndogo za saa, ambazo zikimezwa huunguza koo kwa muda mfupi. Hakuna kamba ndefu, hakuna kilichochubuka rangi. Osha kila kitu, na limau likianza kulegea litoe. Kikapu hakibaki na mtoto peke yake hata dakika unayokwenda kugeuza chakula jikoni. Na kabla hajaanza kutambaa, maana siku hiyo haitakupigia hodi, pitia chumba ukiwa umepiga magoti: jiko la mkaa, sufuria la mawese yanayochemka, ndoo ya maji, mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji yasiyofika hata kiganja.

Habari ya mama mkwe sasa, ambayo naona ndiyo iliyokufanya uandike.

Usimkataze kumbeba. Mgongoni mtoto anasikia sauti ya bibi, anaona sokoni na uani kwa kimo cha mtu mzima, anatulia kwa joto na mwendo, na ile miguu iliyopanuka kukumbatia kiuno ni mkao mzuri kwa nyonga zake. Tatizo la mbeleko ni saa tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 kwa watoto wa chini ya miaka 5 unataja waziwazi kufungwa mgongoni, pamoja na vigari na viti vya watoto, na unashauri isizidi saa 1 mfululizo. Mwongozo huo huo unataka mtoto ambaye bado hajasogea mwenyewe apate walau dakika 30 kwa siku za kulala kifudifudi akiwa macho, si kwa mkupuo, bali dakika chache chache kila mara. Akiwa kifudifudi anainua kichwa, anasukuma kifua kwa mikono, anajizungusha kufuata kitu. Nguvu hushuka mwilini kuanzia shingoni, ikaenda mgongoni, kiunoni, hadi miguuni. Hakuna kifaa cha kuiruka ngazi mojawapo. Kigari cha kujifunzia kutembea ndicho kabisa usithubutu: Kanada walipiga marufuku kuviuza mwaka 2004 kwa sababu ya watoto kuumia, na hata hivyo havifundishi kutembea.

Na beseni? Hapa nitatofautiana na baadhi ya wenzangu wa Montessori, wanaosema mtoto asikalishwe kamwe mpaka ajikalishe mwenyewe. Mwaka 1976 Charles Super alichapisha uchunguzi wake miongoni mwa Wakipsigis wa Kenya. Wazazi kule waliwafundisha watoto kukaa kwa makusudi, wakiwachimbia kishimo kidogo cha kuwashikilia, na wakawafundisha kutembea pia. Watoto wao walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani aliowalinganisha nao. Ila yale yasiyofanyiwa mazoezi, kama kutambaa, hawakuyawahi. Kwa hiyo bibi hajakosea. Beseni na kanga ni somo, somo la kukaa, na akimweka dakika 10 au 15 akiwa naye karibu sioni ubaya. Ila beseni halifundishi kutambaa, wala kujigeuza, wala kuinuka mwenyewe kutoka chini. Hayo yanataka mkeka.

Kwa hiyo usiende kwake na neno Montessori mdomoni. Nenda na mkeka. Mwombe, kwa mfano: "Mama, mjukuu wako anahitaji kuzoea chini kidogo. Ukikaa kuchambua mchele au dagaa, naomba umlaze pembeni yako kifudifudi, akilia umchukue." Mwachie yeye kikapu, tena mwombe achague vitu vya kutia ndani. Bibi aliyelea watoto wake wote mgongoni anajua kumtazama mtoto kuliko mwalimu yeyote wa kozi, na ukimpa kazi hiyo kwa heshima ataifanya vizuri kuliko ukimpa masharti. Kama mna nyumba ya sakafu ya udongo, tandika turubai safi chini ya mkeka, uufute kila siku. Wapo pia watakaokushauri umlaze mtoto usiku kwenye godoro la chini ili awe huru kutoka mwenyewe. Kwa Kigoma yenye mbu kama tunaowajua, uhuru huo nauweka chini ya chandarua. Kama godoro la chini linakushinda kuchomekea chandarua vizuri, mwache kitandani.

Simu izime. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja mwongozo uleule wa 2019 haupendekezi skrini kabisa, na kwa lugha kuna sababu ya pekee. Mtoto huzaliwa akiweza kutofautisha sauti za lugha nyingi za dunia, na kadiri anavyokaribia mwaka mmoja masikio yake huchagua zile anazozisikia nyumbani. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake waliwapeleka watoto wa Marekani wa miezi 9 kwa watu waliowasomea na kucheza nao kwa Kichina. Waliokutana na mtu ana kwa ana walishika sauti za Kichina. Waliopewa Kichina hicho hicho kwa video au kwa sauti tu hawakupata kitu. Katuni zako za Kiingereza, basi, hazimpi Kiingereza. Zinamnyima dakika za Kiswahili chako na Kiha cha bibi. Msemesheni lugha zote mbili bila woga, hazimchanganyi. Akisema "ba-ba-ba", mjibu, nyamaza, umpe zamu tena. Jioni unapopika, mweke kwenye mkeka unapomwona, mbali na moto, umpe mwiko na sufuria tupu, umsimulie unachofanya. Atapiga kelele. Vumilia.

Kuhusu laki mbili na nusu: usinunue. Seti hizo si mbaya, nyingine zimetengenezwa kwa ustadi, na kama ungekuwa nazo za ziada nisingekuzuia. Lakini mtoto atavuka kila kifaa kwa wiki chache, na fedha hiyo ikienda kwenye mayai, samaki na matunda yake, maana sasa anakula, utakuwa umewekeza pale pale kwenye ubongo unaouhofia. Ukitaka kitu kimoja zaidi kwa miezi ijayo, tafuta kopo kubwa lisilo na ukingo mkali na mpira unaoingia humo. Kuanzia miezi 8 hivi mtoto huanza kuelewa kwamba kitu kilichofichika bado kipo, jambo ambalo mwanasaikolojia Jean Piaget alilieleza kwa kirefu, na mpira unaopotea na kuonekana utamfurahisha kuliko seti nzima. Mpaka hapo, jifunike uso kwa kanga na kujifunua. Fundi seremala wako akitengeneza chochote tena, mwambie apige msasa vizuri, asipake rangi. Baadhi ya rangi zina madini ya risasi, na wewe unajua kila kitu kitaishia wapi.

Yapo mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi na yanataka mtoto aonwe. Usisubiri kama shingo bado inayumba, kama mwili umekakamaa au umelegea kupita kiasi ukimwinua, kama anatumia mkono mmoja tu na ule mwingine umefumba ngumi muda wote, kama hageuki kwa sauti, hafuati uso wako kwa macho, jicho moja limekengeuka kila wakati, au ameacha kufanya jambo alilokuwa akilifanya. Usisubiri pia kama alichelewa kulia alipozaliwa, alipata manjano makali, au amewahi kupata degedege au malaria kali, hata kama leo anaonekana mzima. Kama alizaliwa njiti, hesabu umri wake kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, maana miezi 7 ya kalenda inaweza kuwa 5 ya mwili. Anza na kliniki ya mama na mtoto iliyo karibu nawe hapo Ujiji. Wakiona haja watakuandikia rufaa ya kwenda Hospitali ya Maweni.

Kama hakuna kati ya hayo, kituo chako kinachofuata ni chanjo ya surua na rubela ya miezi 9. Siku hiyo usichome sindano ukaondoka. Mweke mtoto chini mbele ya muuguzi, amwone anavyokaa na kutumia mikono yote miwili, na kama hajaweza kukaa bila msaada mwambie wazi umwombe amwangalie vizuri. Nenda na bibi yake. Maswali mengi ya mchana atayajibu yeye kuliko wewe.